Kamba ndefu ya kumfunza mbwa kuitikia mwito: itumiwe vipi ufuoni?

BintiShanzu ameuliza:

Hamjambo wenzangu. Ninaye mbwa dume, mchanganyiko wa Alsatian na mbwa wa kienyeji, anayekaribia kutimiza mwaka mmoja. Jina lake ni Tufani. Nyumbani, ndani ya ua wenye ukuta, nikimwita huja mbio hata kama anakula, lakini tukifika ufuoni upande wa Shanzu, hapa Mombasa, mambo hugeuka kabisa. Akimwona kunguru ametua mchangani, au kaa akikimbilia shimo lake, huwa kama hajawahi kulisikia jina lake, na hurudi kwa wakati anaoutaka yeye. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni watu. Asubuhi ufuo huwa na wavuvi wanaoshusha samaki, kina mama wanaofanya mazoezi ya kutembea, watoto, na wenye ngamia wanaokwenda kuwasubiri watalii, na wengi wao hawapendi kusogelewa na mbwa asiyefungwa, jambo ambalo wana haki nalo.

Nimeshauriwa nimfunze kwa kamba ndefu. Nimenunua kamba ya manila ya mita 15 katika duka la vifaa vya ujenzi, lakini kabla sijaanza ningependa kuwauliza wenye uzoefu. Kamba hiyo hufungwa shingoni au kifuani? Mbwa asipoitikia, je, nimvute hadi anifikie ili ajue kwamba hana hiari, au nisubiri? Na mtu hujuaje kwamba sasa kamba inaweza kuvuliwa? Jirani yangu mmoja ananiambia kwamba mbwa akishaizoea kamba atatii akiwa nayo tu, na siku itakapovuliwa atarudia yale yale. Naomba maelezo kamili. Hata yakiwa marefu nitayasoma.

Mfunzaji_Bamburi amejibu:

Dada BintiShanzu, nitaanza na swali lako la pili, kwa maana ukilielewa hilo mengine yatajipanga yenyewe. Kamba ndefu si chombo cha kumvutia mbwa. Kazi yake ni kumzuia asipate faida pale anapokaidi mwito. Tufani anapomkimbiza kunguru baada ya kuitwa, zile mbio zenyewe ndizo zawadi yake, na mara nyingi hakuna kipande cha nyama mfukoni mwako kinachoweza kushindana nazo. Akifaulu leo, akazuiwa kesho, kisha akafaulu tena kesho kutwa, ukaidi unazidi kukita mizizi, kwa sababu tabia inayotuzwa mara moja moja huwa ngumu kuondoka kuliko ile inayotuzwa kila mara. Mwanasaikolojia B. F. Skinner wa Marekani alilionyesha hilo katika majaribio yake ya wanyama karne iliyopita, na kila anayefunza mbwa hukutana nalo. Kamba inaukata mlolongo huo: mbwa anaweza kukataa kuja, lakini hawezi kumfikia kunguru.

Ukimvuta kwa nguvu hadi miguuni pako, atajifunza mambo mawili usiyoyataka. La kwanza ni kwamba mwito wako hufuatwa na bughudha, na la pili ni kwamba yeye hahitaji kuamua lolote, kwa kuwa mwili wake utaletwa tu. Isitoshe, mbwa anayevutwa hujikaza kuelekea upande wa pili, hayo ni maumbile yake, na utajikuta mnashindana nguvu mbele za watu. Ishike kamba kama mvuvi anavyoushika mshipi: anauachia uende, anaupunguza mwendo kwa vidole, lakini haunyakui.

Kwa vitendo, mambo huenda hivi. Tufani amenusa kitu mbele yako kwa umbali wa mita 5 au 6. Unamwita mara moja tu, kwa sauti ya uchangamfu, kisha unanyamaza. Akigeuza kichwa, msifu papo hapo, usingoje afike, na anza kurudi nyuma kwa hatua za haraka, kwa sababu mbwa hupenda kufuata kinachoondoka kuliko kukiendea kilichosimama kikimkabili. Mwili wako ugeuke ubavu kidogo, usimwinamie kama anayetaka kumkamata. Akifika, mpe kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, kimoja kimoja, huku ukimsemesha, ili kufika kwako kuwe ni shughuli yenye urefu na si kunyakua na kuondoka. Vipande viwe vidogo, kama ukubwa wa haragwe, na viwe vya kitu asichokipata nyumbani: maini yaliyochemshwa, kuku, au dagaa wakavu, ambao kwa mbwa wengi wa huku Pwani hushinda biskuti za dukani.

Asipogeuka, usirudie mwito. Huu ndio wakati ambao watu wengi huanza kuita mara tano, mara sita, na mbwa akajifunza kwamba mwito wa kwanza hauna uzito. Badala yake acha kuitoa kamba, iache ikaze polepole, usimame imara na ungoje. Wengi hugeuka baada ya muda mfupi kwa kuwa mbele hapaendeki. Akigeuka, furahi naye kama kwamba ameitika mara ya kwanza. Akiwa bado amekodoa macho kwa kunguru, sogea kuelekea kwake huku ukiikusanya kamba, hadi uwe karibu kiasi cha kutambuliwa, umpitishie kipande cha nyama puani, kisha muondoke pamoja. Tukio hilo linakuambia kwamba pale mlipokuwa palikuwa pagumu kuliko uwezo wake wa leo. Siku inayofuata simama mbali zaidi na wale kunguru.

Kuna jambo ambalo mimi hulitilia mkazo kuliko vifaa vyote, nalo ni yale yanayotokea baada ya mbwa kuja. Ukimwita, akaja, ukamfunga kamba fupi mkarudi nyumbani, umemwadhibu kwa kuitika. Mwite mara nyingi, umtuze, kisha umwambie aende tena akaendelee na alichokuwa akinusa. Mwaka 1959 David Premack, naye mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza kwamba jambo analolipenda sana kiumbe linaweza kutumiwa kama tuzo la jambo asilolipenda sana, na ufuo wetu umejaa matuzo ya namna hiyo: mashimo ya kaa, mwani uliotupwa na maji, mawimbi madogo ya kuchezea. Yule kunguru anayekushinda leo anaweza kuwa malipo yako kesho, Tufani akishakuja kwanza na wewe ndiye uliyemruhusu aende kumtazama, akiwa bado na kamba.

Neno la kumwitia lichague vizuri. Nyumba nyingi zetu neno "njoo" huitwa watoto kutwa nzima, na mbwa hulisikia mara mia bila ya kumhusu. Chukua neno lisilotumika ovyo nyumbani, lifunze kwanza sebuleni na uani, na usilitumie kabisa pale unapojua hataitika na huna kamba mkononi. Siku kama hiyo nenda ukamchukue kimya kimya.

Kuhusu kifaa chenyewe, ningeiacha ile manila. Ikilowa maji ya chumvi huwa nzito, hubeba mchanga, na ikipita kiganjani kwa kasi huchubua ngozi vibaya. Tafuta mkanda bapa wa nailoni wenye upana wa sentimita 2 hivi, na fundi wa kushona mikoba akushonee kulabu imara upande mmoja. Mwisho wa pili usiwe na kitanzi, kwa kuwa kitanzi hunasa kwenye mawe ya matumbawe na mizizi ya mivinje. Mita 15 ni nyingi kwa anayeanza. Kata mita 5 ujifunze kuiongoza, kisha uende 10. Funga fundo moja kila baada ya mita mbili hivi, ili mguu ukiikanyaga isipenye yote. Ikusanye mkononi kwa mikunjo mirefu iliyolala kiganjani, na kamwe usiizungushe kwenye kifundo cha mkono wala vidole. Kamba yenyewe hufungwa kwenye hanesi, yaani mikanda anayovalishwa mbwa kuzunguka kifua, kwenye pete ya mgongoni, wala si shingoni.

Tabibu_wa_Wanyama amejibu:

Ninaunga mkono suala la hanesi na ningependa kueleza sababu yake, kwa kuwa mimi ni daktari wa mifugo na matokeo yake nayaona. Mbwa wa kilo 25 au 30 anayekimbia kwa kasi zote, akifika mwisho wa kamba ya mita 10 iliyofungwa shingoni, husimamishwa na koo lake. Koromeo linaweza kuumia, na pia misuli na mifupa ya shingo. Kadiri kamba inavyokuwa ndefu ndivyo anavyopata nafasi ya kuchapuka mwendo kabla ya kusimamishwa, na kwa hiyo kamba ndefu shingoni ni hatari kuliko fupi. Hata akiwa na hanesi usimwache afike mwisho kwa mbio. Anza kuipunguzia kasi mapema kwa kutembea naye hatua chache upande anaokwenda huku ukiibana kamba.

Ninyi wenyewe vaeni viatu na suruali ndefu, na glavu ikiwezekana. Kamba ikizunguka muundi wako wakati mbwa anachomoka, itakuchoma kama umeburuzwa. Mbwa naye huchomwa nyuma ya mapaja inapompitia kati ya miguu. Akinaswa, mshike kwanza atulie ndipo umnasue.

Msimu huu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, fanyeni mazoezi alfajiri au baada ya jua kupungua. Mbwa hujipoza hasa kwa kuhema, na hewa yetu ya Mombasa yenye unyevu mwingi huufanya uhemaji huo usimfae sana. Beba maji baridi ya kunywa, ili asiyanywe ya bahari, ambayo humtapisha na kumharisha. Ulimi ukipanuka, mate yakiwa mazito na miguu ikianza kuyumba, acheni mafunzo, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji na mtafute daktari.

Ipo sababu nyingine ya kuitaka kamba ufuoni ambayo huenda wengi hawaifikirii: bunju. Samaki huyu hutupwa na mawimbi akiwa amekufa, na mbwa humwona kama riziki ya bure. Sumu yake hupoozesha misuli hadi ile ya kupumulia, na haina dawa ya kuitangua. Mbwa aliye kwenye kamba unaweza kumzuia kabla hajameza. Aliye mita 60 mbele yako hutajua hata amekula nini. Mkirudi nyumbani suuza hanesi na kamba kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi hula kulabu na huchubua makwapa ya mbwa.

Jirani_Kisauni amejibu:

Assalaam aleikum. Mimi si mfunzaji, lakini nina mbwa wa ulinzi na ninaishi karibu na msikiti, kwa hiyo suala la watu nimelifikiria sana. Wengi wetu hapa Pwani tunafuata madhehebu ya Kishafii, ambamo mbwa ni najisi nzito. Mbwa aliyetoka baharini akimrukia mtu au akijikung'uta maji karibu yake, mtu huyo atalazimika kuosha nguo na mwili mara saba, mojawapo kwa udongo, na ikiwa alikuwa njiani kwenda kuswali amevurugiwa ibada yake. Kwake yeye hilo halifutwi na maneno ya "usiogope, haumi". Dada yetu ameonyesha kulielewa hili, na ninamshukuru kwa moyo wote.

Kwa hiyo ninaomba wanaofunza kwa kamba ndefu waihesabu kamba yenyewe kuwa sehemu ya mbwa. Mita 10 kila upande ni duara la mita 20, na ndani ya duara hilo asiwepo mpita njia. Ukiona watu wanakuja, ikusanye kamba mapema, msogee upande wa juu karibu na mivinje, umwambie mbwa akae, uwaache wapite upande wa maji. Kamba inayoburuzwa mchangani watoto huikwaa. Maji yakiwa yametoka na ufuo ni mpana, nafasi hupatikana kwa urahisi. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, ufuo hubaki ukanda mwembamba na hapo ningeshauri msifunze kabisa. Asubuhi za siku za kazi ni afadhali sana kuliko Jumapili, ambapo katika fuo za Pirates na Bamburi huwezi hata kuona mchanga kwa wingi wa watu. Na mkipata ploti yenye ua ambayo haijajengwa, mwenyewe akaridhia, anzeni huko wiki za mwanzo.

MkeWaNahodha amejibu:

Nyongeza ndogo tu. Upepo wa kusi ukivuma, sauti ya mtu haifiki mbali ufuoni, hata ukipaza hadi koo likauke, na ukipaza sana unasikika kama mwenye hasira. Mimi huwaita mbwa wangu kwa filimbi, milio miwili mifupi, na niliwafunza maana yake kwa kupuliza kila nilipowawekea chakula. Filimbi haichoki wala haina hasira, na mtu yeyote wa nyumbani akiipuliza ni ile ile. Na tafadhali, mwenye mbwa wawili asiwafunze wote pamoja kwa kamba ndefu. Kamba mbili husokotana na miguu ya wanyama hubaki katikati.

BintiShanzu amejibu:

Nawashukuru sana. Nimenunua mkanda bapa na hanesi, na kwa kuwa ploti ya jirani ina ua, tumekuwa tukifanyia mazoezi huko alfajiri kabla ya kuujaribu ufuo. Kugeuka anageuka vizuri, tena kwa furaha. Tatizo lililobaki ni kwamba hunijia hadi hatua mbili au tatu hivi, kisha husimama, akanyoosha shingo apokee nyama, na nikinyoosha mkono kuishika hanesi huruka nyuma. Je, hapo niitumie kamba kumsogeza? Tena lile swali la jirani yangu kuhusu mbwa kuitegemea kamba bado halijajibiwa.

Mfunzaji_Bamburi amejibu:

Usimsogeze kwa kamba, dada. Anachokikwepa ni mkono, kwa sababu amegundua kwamba mkono ukishika hanesi uhuru unakwisha. Mfunze nyumbani, pasipo kumwita popote, kwamba mkono ni habari njema: gusa hanesi kwa kidole, toa nyama, gusa tena, toa nyama, kisha ishike kwa kiganja, umpe nyama ukiwa umeishika, na uiachie. Fuata mpango huo huo siku baada ya siku hadi awe yeye ndiye anayeusogelea mkono. Ukirudi kwenye ploti, ile nyama usimnyooshee. Ishikilie ikigusana na paja lako, ili aifuate hadi mwilini mwako, mkono mwingine uguse hanesi kabla hajaipokea. Halafu mwachie aende. Ukimshika mara kumi na kumwachia mara tisa, ile ya kumi ya kurudi nyumbani haitakuwa na uchungu.

Sasa jirani yako. Anachokisema hutokea kweli, lakini hutokea pale kamba inapovuliwa yote kwa siku moja, au pale inapofungwa wakati wa mafunzo tu, hivyo mbwa akatambua uzito wake mgongoni na kujua leo ni siku ya kutii. Dawa yake ni kwamba kamba ivaliwe pia wakati hakuna mafunzo, mkiwa mnatembea tu au amelala kivulini. Hatua inayofuata ni kuiachia mkononi na kuiacha iburuzwe, wewe ukitembea karibu na mwisho wake, ukiweza kuikanyaga kwenye fundo inapohitajika. Hilo lifanyike kwenye ploti peke yake, kwa sababu alizozitaja Jirani_Kisauni. Kisha kata mita mbili. Akiendelea kuitika vilevile kwa wiki kadhaa, kata tena, hadi ibaki kipande cha mkono mmoja kinachoning'inia kwenye hanesi, ambacho mbwa hakihisi na wewe bado una pa kumshikia.

Kipimo changu cha kuendelea si muda. Ni hiki: je, anaitika mwito wa kwanza, mahali hapo, penye vishawishi hivyo, karibu kila mara? Ukiongeza umbali, punguza vishawishi. Ukiongeza vishawishi, punguza umbali. Usiviongeze vyote pamoja. Mahali papya pahesabu kama mwanzo mpya, kwa sababu mbwa hahamishi alichojifunza kutoka ploti hadi ufuoni kama binadamu anavyofanya. Akiitika vyema penye kunguru wawili, hujapata bado uthibitisho kuhusu mbuzi. Na kwa kuwa Tufani yuko katika umri wa ubalehe, ambao kwa mbwa wakubwa huendelea hadi mwaka na nusu au zaidi, zitakuja siku ambazo atajifanya hajui kitu. Siku hizo rudisha kamba ndefu bila ya kinyongo, mkafanye mazoezi mepesi atakayoyafaulu.

Ufuoni kwenyewe, palipo na watu, mimi siwavui mbwa wangu kamba hata wale wanaoitika kwa mlio mmoja. Mkanda wa mita 10 unawatosha kuogelea mawimbi ya ukingoni na kuchimba mashimo, na wapita njia wanaona kwamba mwisho wake umo mkononi mwangu. Mimi huivua kabisa katika maeneo yenye ua tu. Kwa hiyo anza na ufuo siku ya kazi, maji yakiwa yametoka, kwa kamba ya mita 5, ukisimama mbali na mitumbwi inakoshushia samaki kwa sababu kunguru ndiko wanakojaa, na usikae zaidi ya robo saa. Mkirudi utuambie alichokifanya alipomwona kaa wa kwanza.